Namba ya Nyumba

Lutengano alizing'oa siti za Kosta kwa mikono yake,
kabla koo halijaanza kumfunga.
Akabakiza mbili: ya dereva,
na ya pembeni, ya mtu wa kubishana naye njiani.
Vitanda viwili, mtungi mdogo wa gesi, pazia la kanga,
ndoo ya bluu yenye mfuniko.
Hivyo ndivyo tulivyoingia Dar kutoka Tukuyu.

Hospitali ya mionzi ikasema: wiki sita,
kila siku, Jumamosi na Jumapili mpumzike.
Mpumzike wapi, haikusema.
Gesti ya bei ya chini nikaipigia hesabu
nyuma ya pakiti ya majani ya chai,
pakiti ikajaa kabla hesabu haijaisha.

Upanga, mlinzi Nyamhanga, rungu kwapani:
"Gari linaruhusiwa kulala hapa, mama. Elfu mbili mpaka asubuhi.
Mtu ndiye haruhusiwi."
Na mtu akiwa ndani ya gari?
Akayatazama matairi muda mrefu, kama yangemjibu.
"Basi asilale. Akae."

Usiku ule tukakaa.
Lutengano alikaa akiwa amefumba macho.
Mimi nilikaa nimejinyoosha, shuka mpaka shingoni.
Saa tisa tochi ikapita dirisha hadi dirisha.
"Mnakaa?"
"Tunakaa."
"Haya."

Kariakoo tuliegesha kununua chujio la uji,
tukarudi tukakuta kijana ameshatuandikia deni,
mashine imening'inia kiunoni.
Saa yake na saa yangu hazikukubaliana.
Nikamuuliza, na usiku mnatoza?
"Usiku mashine inalala," akasema.
Nikasema moyoni: hata mashine.

Sinza, nyuma ya ukumbi wa harusi,
Jumatatu mpaka Alhamisi tu.
Usianike nguo upande wa lango.
Maji ya kuoshea vyombo, usimwage mtaroni.
Ijumaa saa nane mchana uwe umeondoka,
maharusi wasije wakapigwa picha na ndoo yako.

Kituo cha mafuta cha Tazara: lala, ila usiwashe jiko.
Nikapika uji mbali, kwa mama lishe,
nikauvingirisha kwenye kitenge kama kichanga,
nikavuka nao barabara nne za magari.
Alimeza vijiko saba. Nilihesabu.
Siku hizo nilikuwa nahesabu kila kitu.

Halafu Mtoni Kijichi, kiwanja cha watu wasiojenga,
msingi umeota majani, nondo zimepinda kwa kutu.
Siku ya pili jioni akaja Bi Sikudhani, mjumbe,
daftari limefunikwa kwa gazeti.
"Mgeni akilala mtaani kwangu, nijue.
Namba ya nyumba?"

Hatuna, nikasema, na nikaanza kukunja shuka;
mikono ilikwishazoea.

Hakunijibu. Aliizunguka Kosta, kandambili zikipiga mchanga,
akainama nyuma, akafuta vumbi kwa ncha ya khanga,
akaisoma namba ya gari herufi kwa herufi,
taratibu, kama mtu anayeulizia jina la mtoto.
Akailamba penseli. Akaandika.
"Mlango unaelekea wapi?"
Inategemea nimeegeshaje, nikasema.
"Leo."
Leo, kwa Mwasiti muuza mkaa.
"Vizuri. Mtachota maji kwake, ndoo mia moja.
Wakazi wangapi?"
Wawili.
"Idadi ikibadilika, nijulishwe siku hiyohiyo. Ndiyo sheria."

Hapo kitanda kikalia.
Siku tisa hakuwa amenena neno,
daktari alisema aitunze sauti.
Ikatoka kama msasa juu ya bati:

"Mama, mbili hiyo,
usiiandike kwa penseli."

Bi Sikudhani akaitazama penseli yake,
akanitazama mimi.
Nikapapasa kwenye dashibodi, chini ya risiti za maegesho,
nikampa kalamu ya wino.