Daftari la Faki

Mwaka ule mikarafuu haikuzaa.
Nilikula kwa daftari, dukani kwa Faki, Wete:
mchele, mafuta ya taa,
sanda ya mtoto.

Ijumaa Kuu, nikitoka kanisani,
nilipita kichochoroni nisionekane.
Akaniita, "Petronila!"
Akafungua ukurasa wangu
akapiga kalamu mara mbili,
mstari wa kushuka,
mstari wa kukata.

"Nani kalipa?"
"Usiulize. Nenda kapike."

Msalaba nauvaa tangu kipaimara,
shaba iliyochujuka shingoni.
Sikuwahi kuusoma.
Siku ile niliusoma kwa wino wa buluu
juu ya jina langu,
na chini yake deni bado lasomeka,
kila shilingi, hata ya sanda,
ila halidai.