Maziwa Yameganda

Nchi yetu, mgeni, ni nchi ya maziwa.
Fungua ramani uone: buluu imemwagika kila mahali
kama mtu aliyejikwaa na ndoo.

Oiva ana miaka minne na miezi miwili.
Anaandika jina lake, ile V akiipindua chini juu.
Anajua kufunga zipu, kuhesabu ngazi, kudanganya kidogo.
Na usiku hupanda kitandani kwangu
kama fundi anayerudi kwenye kazi yake:
"Mama, upande wa kushoto."

Muuguzi wa kliniki, Pirjo, ni mtu mpole.
Aliandika uzito, akaandika kimo,
halafu kalamu ikasimama.
"Bado?" akauliza.
"Bado," nikajibu.
Neno lilelile.
La kwake lilimaanisha mpaka leo,
la kwangu lilimaanisha wakati haujafika,
nayo mizani pale kati yetu
ikiendelea kuonyesha kilo kumi na saba.

Mama mkwe hakupindisha maneno.
"Mimi mama yangu alijipaka lami ya msonobari.
Nikaonja mara moja. Nikakoma."
Alisema hivyo akimenya viazi.
Ana miaka sabini na tatu, Raakel,
na kila majira ya baridi, Urho akipaka lami ski zake za zamani,
yeye hutoka nje na kusimama kwenye theluji
bila koti
mpaka harufu iishe.

Huyo Urho ni shemeji yangu, mtu wa chama cha wafanyakazi.
Humwita mwanangu mnyonyaji, bepari mdogo,
kisha hucheka peke yake.
Bepari gani, Urho,
anayesinzia kabla hajamaliza?

Mimi napakia maziwa, zamu ya asubuhi,
katoni elfu kadhaa kabla ya chai.
Mchana, kantini, wanaume wenye ndevu
hushushia viazi kwa glasi ya maziwa,
maziwa ya mama wa ndama,
wakajifuta midomo kwa kiganja.
Hakuna anayewauliza umri.

Lakini nikueleze la Jumamosi.
Wanawake wa jengo letu tuna zamu yetu ya sauna.
Tunatoka kwenye mvuke tukiwa wekundu kama kamba wa kuchemsha,
tunakaa benchi la nje, miili ya kila umri,
makovu ya kisu, matumbo yaliyobeba na kusahau,
na hakuna anayemtazama mwenzake. Ndivyo tulivyolelewa.
Oiva, amefungwa taulo mpaka shingoni, alikuwa amechoka.
Akaegemea. Akanyonya.
Ghafla sote tukawa uchi.
Marjukka wa ghorofa ya pili akarudi ndani,
akayamwagia mawe upawa mzima wa maji,
na mawe yakasema alichokinyamazia.

Nisijifanye shujaa.
Kuna usiku nilimsukuma.
Kuna usiku ngozi yangu ilitaka kuwa ya mtu mmoja tu,
nikahesabu mpaka ishirini, nikamtoa, akalia,
nikamrudisha kwa hasira, nikanusa utosi wake,
hasira ikakosa pa kukaa.
Sikufuata kitabu. Sina msimamo wa kutetea.
Saa tatu usiku, kusini mwa blanketi letu,
hakukuwa na mtu wa kuuliza bado.

Mwisho wa Novemba alikwenda ufukweni na bibi yake.
Walirudi pua zikiwa nyekundu, kimya,
kama watu walioficha kitu.
Usiku akapanda kitandani,
akaweka mdomo, akautoa.
Akanitazama kwa huruma, jinsi daktari anavyotazama:
"Mama, maziwa yameganda."
Akaelekeza kidole dirishani,
au labda hakuelekeza, labda alinyoosha tu mkono.
"Bibi anasema kesho tutatembea juu yake."
Akanigeuzia mgongo, akalala
kama aliyelipwa mshahara wake wote.

Sikumwuliza ni yapi.

Nje barafu ilikuwa ikijikaza,
ikilia ule mlio wake wa chini, mrefu.
Upande wa kushoto
ukabaki macho.