Mlango wa Kituo cha Saba

Ziwa lilipoingia sebuleni kule Mwariki
kaka yangu aliokoa godoro, mtungi wa gesi,
na kopo la Kimbo la kilo mbili.
Mkewe hajamsamehe kwa hilo kopo.
Cherehani ilibaki ndani, na huko iliko
labda samaki wanajishonea.

Leo tumelifungua mezani kwa Shivachi, Section 58.
Vizibo ishirini vya soda vikamwagika,
kila kimoja na namba yake kwa rangi ya kucha,
rangi ya mama, tuliyoiba mwaka wa themanini na tisa.
Maana kile kitabu cha mchezo, alichotuachia mwalimu wa fizikia
aliporudi kwao na malaria yake,
kilidai dadu ya pande ishirini,
na Nakuru nzima, mjini hadi Bondeni,
haikuwa na dadu iliyojua kuhesabu kupita sita.

Kitabu hakikuwa na jalada, wala kurasa arobaini za mwanzo.
Jina lake hatukulijua hata siku moja.
Sheria za kupumua angani zilikuwamo.
Za kufa zilichanika,
kwa hiyo hatukufa.

Mimi nilikuwa rubani, msichana peke yangu,
nikizijua nyota kuwashinda
kwa sababu jiko letu halikuwa na paa.
Kaka, daktari wa viumbe wasio na damu.
Kibiwott, fundi wa injini,
alitengeneza kila kitu kwa waya wa seng'enge na matusi.
Na Shivachi, mtoto wa gadi wa reli,
alikuwa vyote vilivyobaki:
baridi, ushuru wa forodha, wafalme wa sayari,
kompyuta ya chombo iliyotangaza hatari
kwa sauti ya baba yake, kama inawaita abiria wa Kisumu.
Tulipaa kutoka shimo la Menengai.
Kiwanda cha pareto kilitoa harufu, nasi tukaipeleka kotekote;
hadi leo mtu akitaja anga
pua yangu inawasha.

Tulikomea mlangoni. Kituo cha Saba, taa zote zimezimika,
na kitu kinagonga kwa ndani,
polepole, mara tatu, kinatulia, mara tatu.
Kibiwott akatia mkono koponi.
Mama Shivachi akaita: ugali unapoa!
Kesho yake shule zikafunguliwa,
halafu mitihani, halafu kazi, halafu arusi,
halafu Januari ile ya moshi
iliyompandisha Kibiwott lori usiku, juu ya magodoro ya watu,
na hakuna aliyempungia.
Mimi nilikuwa dirishani.
Nilikuwa na mkono.

Miaka thelathini na mitano nakisikia kikigonga.
Nikinyonyesha. Nikipanga foleni benki.
"Kilikuwa nini?" nikamuuliza Shivachi.
Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akatusogezea daftari lake la siri:
*Mlango. Kitu kinagonga.*
Na chini, kwa penseli:
*Sijui bado. Mama apike haraka.*

Kaka alicheka hadi akapaliwa.
Mimi nikaitafuta namba ambayo huwa naiandika, naifuta.
Simu ikalia huko Eldama Ravine, ikalia, ikalia.
"Fundi," nikasema, "bado tuko mlangoni."
Kimya. Redio ya mtu. Ng'ombe. Maji yakimwagwa uani.
Kisha: "Nani ameshika kopo?"

Nikalitikisa karibu na simu, asikie.
Mlango ule unataka kumi na moja kwenda juu.
Nikachomoa kizibo kimoja. Rangi imebanduka
lakini ni nne, na yeye simdanganyi tena.
"Nne," nikasema. "Haitoshi."

"Lini iliwahi kutosha?" akasema Kibiwott.
"Leta ule waya."