Nyumba Isiyo na Osuri

Bwana Shitandi ametoka Kisumu na kamba ya kupimia.
Amepima mzunguko, amepima kimo cha mlango,
akagonga paji la uso kama wageni wote wagongavyo,
maana mlango huu humjua anayeinama.
Ameandika: nguzo kumi na mbili za siala,
fito za powo, kamba za mkonge,
udongo wa kichuguu uliokandwa kwa miguu,
na samadi juu yake, laini kama shavu.

Agola, ule upenu unaoizunguka nyumba, akauita varanda.
Nyanya akamsahihisha:
hapo hulala mbuzi mwenye mimba,
hapo nilimngoja mkunga mwaka wa nzige,
hapo mvua huishia.
Varanda ni ya shule.

Nyumba za wanawe zimesimama kando, za matofali,
mabati yao hupayuka kila wingu likipita.
Hii ya kwake hunyamaza. Inyeshe Seme nzima,
ukiwa ndani utadhani ni jirani anapepeta wimbi.
Ndiyo maana wanataka kuihifadhi.
Imebaki peke yake, wanasema, toka barabarani hadi ziwani.

Kisha akatoa kwenye gari
mti mwembamba uliochongwa ncha, umepakwa mafuta.
Osuri.
Akatuonyesha picha ya zamani: paa hili hili,
na kileleni mti umesimama
kama kidole cha mtoto anayejua jibu.
"Bila huu, mama, nyumba haijakamilika."

Nyanya Turufena hakupaza sauti.
Aliweka chini ungo wa omena, akajifuta mikono.
"Ule uliteremshwa tulipomzika Nyagudi.
Shemeji yangu alipanda akauvunja.
Mimi nilikuwa humu ndani, chini yake kabisa,
nikausikia.
Ukiusimamisha leo
wapita njia watajua mwenye nyumba amerudi.
Wakibisha hodi nani atawaitikia? Wewe?
Na mimi, jioni, nimpakulie nani?"

Kijana wa ngazi alikuwa keshafika katikati ya paa.
Akabaki pale, mguu mmoja kwenye nyasi,
akimtazama Bwana Shitandi, kisha akanitazama mimi,
kana kwamba nilichosomea Maseno
kilikuwa na sura juu ya jambo hili.
Nikawatazama mbuzi.

Wameondoka machweo.
Paa jipya linanukia kinamasi,
kuta zimekandikwa upya,
na vidole vya nyanya vimepita juu yake
kwa mawimbi yale yale, matatu matatu,
yakikatika pale tu mgongo unapomuuma.
Kwenye daftari lao wameandika: *pungufu*.

Mti waliuacha. Ni mzuri, alisema, mgumu, usirudi nao.
Asubuhi nikaukuta umechimbiwa nyuma ya zizi,
ndama amefungwa hapo,
anatafuna kamba.