Dirisha la Pili, Naliendele

Saa moja na nusu, hakimu hajafika,
veranda imeshajaa ndara zenye vumbi jekundu,
bahasha za kaki, mifuko ya rambo yenye vyeti,
na mtoto anakula bibo, maji yanamchuruzika hadi kiwikoni.

Mimi ni karani wa masjala.
Sheria hawaijui. Wananijua mimi:
nusu ya uso, mkono mmoja, muhuri.

Unadai deni? Benchi la kushoto.
Talaka? Niletee kwanza hati ya baraza la usuluhishi
kwamba mlipatanishwa, mkashindikana.
Mpaka wa shamba siyo hapa, baba. Nenda Baraza la Kata.
"Ndiko nilikotoka," ananijibu.
Naam. Wote ndiko walikotoka.

Msimu ukianza, kesi huiva pamoja na mabibo.
Malipo ya korosho yakiingia, wanaume huoa;
yakiisha, wake zao huja dirishani.
Chitanda kamshtaki shemeji yake, magunia mawili
yaliyouzwa usiku kwa kangomba.
Nangomwa kapigwa ngumi msibani, kisa mchuzi.
Dumu la gongo, kielelezo namba moja,
limekaa juu ya kabati langu tangu Agosti,
na linapungua.
Chumba kina kufuli. Ufunguo ninao mimi.
Na mlinzi.

Jumanne akaja Bi Somoe Nakunda, mirathi.
Alikuja kamili: cheti cha kifo,
muhtasari wa kikao cha ukoo, dole gumba kumi na moja za wino,
na mali ya marehemu kwa mwandiko wa mjukuu:
nyumba, vyumba viwili;
cherehani, imevunjika mguu;
baiskeli, ipo kwa fundi, fundi kahama;
mikorosho kumi na mitatu.

Ya mikorosho ilikuwa na karatasi yake,
hukumu ya zamani, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu.
Nikazilaza pamoja.
Cheti kinasema *Mfaume Chilumba.*
Hukumu inasema *Mfaumi Chilimba.*

"Mama, hawa ni watu wawili.
Nenda mjini kwa wakili, ule kiapo cha jina,
ulipie, kigongwe muhuri, ndipo urudi."

Hakupandisha sauti.
"Niliyempikia alikuwa mmoja.
Niliyemzika alikuwa mmoja.
Huyu wa pili kaletwa na nani?"

Nikaiinua ile hukumu kwenye mwanga, ili nipate cha kufanya.
Na hapo nikaiona herufi *i* ya mwisho,
mkia umevutwa, kitone kimerukia mbali
kama nzi aliyefukuzwa.
Herufi ile naijua.
Ndiyo iliyo kwenye cheti cha ndoa yangu,
kwenye daftari la mahudhurio la asubuhi hiyo hiyo.
Mwaka ule nilikuwa mgeni kazini, mkono mwepesi,
labda ilikuwa saa ya kula, labda nilikuwa na njaa tu,
nikamzaa mtu kwa kalamu
nikaenda zangu kunywa chai.

Miaka kumi na sita Mfaumi Chilimba
kamiliki mikorosho kumi na mitatu
bila kuokota hata korosho moja.

Nikamwambia. Sikujua kama nitamwambia, nikasikia nimeshasema.
Bi Somoe akanitazama kupitia nondo,
akafunga vyeti vyake kwenye pindo la kanga, fundo moja, la pili.
"Kumbe," akasema.
Halafu: "Na wewe unajua kuapa?"

Nikaliteremsha dirisha. Nikazunguka, nikatokea mlangoni.
Watu walinitazama miguu, kana kwamba hawakudhani ninayo.
Mlango wa hakimu ulikuwa na foleni mpaka kwenye bomba la maji.
Nikaikuta nafasi nyuma ya Nangomwa, jicho limemvimba.

"Wa mwisho nani?" nikauliza.