Baada ya Ukingo

Saa tisa alasiri, na Oulu imeshazima jua.
Novemba ya huku haina adabu:
hubisha hodi ikiwa tayari ndani.
Veikka wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na mmoja,
soksi mbili za rangi zisizojuana,
ameniletea mchezo wake, na waya, na masharti:
nisimwage kahawa, nisifute safari yake aliyoihifadhi.

Kwenye skrini yupo ndege wa karatasi,
mbawa zimekunjwa, zina alama za mkunjo.
Ndege asiyeruka, ila anaruka.
Msitu wake ni wa kioo, na mvua inanyesha kwenda juu.
Uzuri wa namna hii, niliwaza, hauwezi kumdhuru mtu.
Nikafa mara tisa kabla kahawa haijapoa.

Kijiti cha kushoto ndiyo miguu.
Kitufe cha chini ni kuruka:
ukikigusa, kimo cha kiatu;
ukikishikilia, kimo cha mlango.
Cha kulia hung'ang'ania ukuta.
Cha juu humkunja zaidi, apenye kwenye ufa.
"Na hiki kidogo cha katikati?"
"Hicho acha, Hilkka. Hicho ni cha kukata tamaa."

Mfa maji haachi kutapatapa;
mfa mchezo hurudishwa pale pale, karatasi safi,
na juu pembeni nambari inaongezeka moja, kimyakimya,
kama karani asiyekuhukumu.
Mia moja na nne.
Mia moja na kumi na saba.
Daraja lilelile, miiba ileile ya kioo inayometameta
kana kwamba inafurahi kuniona.

Tatizo ni dole gumba langu.
Baridi yabisi imelikalia tangu mwaka juzi,
likiambiwa "sasa" linajibu "nini?"
Sikumwambia mtoto. Aliona.
Akafungua ukurasa wa mipangilio, akauliza,
"Kidole gani kinakutii?"
Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikamwonyesha cha shahada, cha mkono wa kulia,
nacho akakikabidhi kuruka, begani mwa kidhibiti.
Dole gumba likabaki na kazi ya kushikilia kuta,
kazi ya wazee.

Kisha akaniambia siri.
"Ukifika ukingoni, usiogope kuchelewa.
Ardhi ikiisha chini yake, mchezo unasubiri kidogo.
Kidogo sana. Hapo bado unaweza kuruka."
Juu ya nini?
"Juu ya hakuna kitu."

Nilikaa na jibu hilo hadi mama yake
alipomwita akale viazi.

Miaka arobaini nimerekebisha piano za mji huu,
za kanisa, za shule, ya yule daktari wa meno
aliyepiga wimbo mmoja tu na kuukosea palepale.
Watu hudhani kidole ndicho kinachopiga uzi.
Sivyo. Nyundo huachiliwa kabla ya kufika.
Kile kipande cha mwisho, chembamba kama ukucha,
inakwenda peke yake, hakuna anayeishika,
na humo ndimo sauti inamozaliwa.
Nilikuwa nikipima nafasi ile kwa jicho,
nikageuza skrubu, nikasikiliza, nikageuza tena.
Kumbe kuna mtu mahali fulani, simjui,
ameketi mbele ya kompyuta akapima nafasi kama hiyo
kwa ajili ya ndege anayeanguka.

Mia mbili na sita. Mia mbili na saba.
Nje, gari la kusukuma theluji linapita likilalamika.
Ninakimbia. Daraja linakwisha.
Safari hii sibonyezi.
Namwacha atoke, miguu yake ya karatasi
inakanyaga pasipo na kitu,
na kidole changu cha shahada, kizee, kitiifu,
kiko juu ya kitufe,
bado