Herufi ya Nane

Jarida liliitwa Skvoznyak.
Zinaida alitupa maana yake akiwa amesimama ukumbini kwetu, Kibokoni,
mlango wa mbele wazi, wa uani wazi:
"Ni huu," akasema, na karatasi za baba
zikainuka mezani zote pamoja
kama wageni walioitiwa pilau.

Walikuwa watatu. Yeye; na mumewe Nzaro,
aliyesomea mitambo ya bandari huko Odesa
akarudi na mke, koti zito na kikohozi;
na daktari wa meno wa Makadara, Taibu Mselemu,
aliyeandika mashairi kwa Kirusi kwa sababu, alisema,
mamake hakijui.

Kurasa za ndani zilipigwa taipu Tudor.
Jalada lilikuwa kazi ya baba, mpiga chapa wa kadi za harusi
na risiti za wauza saruji.
Akafungua kasha. C ipo. K, zipo mbili.
B, O, H: ni zile zile za harusi, alisema, zimebadili sauti tu.
Ya tano akaweka tarakimu tatu.
Ikabaki ya nane, ya mwisho,
R iliyompa msomaji mgongo.

Akapelekewa Mbwarali, mchonga milango.
Aliichonga kama alivyoonyeshwa, kwa mvule,
na ua dogo akaliongeza miguuni, hakuombwa.
Tukapiga nakala sitini.
Ikatoka R.
Hakuna aliyekumbuka kwamba chapa hugeuza.
Baba, miaka ishirini kazini, alikaa kizingitini
akacheka hadi akavua miwani.

Toleo la pili likatoka sawa.
La tatu lilikuwa na shairi refu la Nzaro kuhusu theluji.
Zinaida alilisoma kwa sauti, nasi tusioelewa
tukanyamaza kila aliponyamaza.
La nne lilianzwa.

Wako wasemao serikali ililifunga. Kweli alikuja mtu,
suruali imepigwa pasi kupita kiasi,
akauliza: "Hapa pameandikwa nini?"
"Mimi napanga herufi," baba akajibu. "Sisomi."
Akanywa kahawa, akaondoka na nakala mbili, hakurudi.
Siye. Bei ya karatasi ilipanda;
Nzaro akahamishiwa Kisumu; Taibu akaoa,
akaanza kuandika kwa lugha ya mamake.
Likafa hivyo, bila matanga.

Herufi ninayo. Miaka yote naitumia kuzuia mlango wa uani
usijigonge upepo ukipita.
Kwao, Zinaida aliniambia siku ya kufunga mizigo,
hiyo peke yake ni neno zima:
maana yake "mimi".

Juzi mjukuu wangu aliiokota, akaikagua mbele na nyuma.
"Bibi, mbona ni R tu?"
Nikatafuta wino. Nyumba hii haina wino tena.
Nikaipaka masizi ya sufuria,
nikamwambia alete kiganja.